Kwa Mwajiri Hakuna Mshenga

Nilipoambiwa mara ya kwanza, "Tueleze wewe ni nani," nilianza na baba yangu. Nikasema mimi ni binti wa mzee Sabiri wa hapa hapa Mkata, mwenye shamba la mihogo nyuma ya shule. Babu yangu alitokea Kwamsisi. Upande wa mama ni watu wa Mnyuzi, wakulima, watu wa dini. Nilikuwa nakaribia kumtaja bibi mzaa mama wakati Kibwana aliponyanyua mkono.

"Yusra, hawa watu hawaji kukuposa. Wanatafuta afisa kilimo."

"Sasa watanijuaje bila kuwajua wazazi wangu?"

"Hawataki kukujua. Wanataka kujua unaweza nini."

Nikaona hana adabu, yeye na hao watu wake. Watu wenyewe walikuwa viti viwili vya plastiki, vitupu, vimepangwa kando ya mashine ya kutolea kopi. Kibwana ana steshenari pale Mkata, upande yanakosimama mabasi. Anachapa, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na kwa vijana waliosoma anatuma maombi ya kazi. Kila aliyepata kazi kutoka Mkata alipitia kwenye kile kibanda. Na kila aliyepita akapata, hakurudi ila sikukuu. Nilikuwa na stashahada yangu ya kilimo, imekaa ndani ya bahasha chini ya godoro, na mimi mwenyewe nilikaa barabarani nikiwachomea mahindi abiria wa Arusha. Kibwana ndiye aliyeliona tangazo: ushirika wa wakulima wa mboga huko Bungu, milimani Korogwe, unataka afisa kilimo wa kuishi huko huko na wakulima. Akanitumia maombi bila kuniuliza. Walipojibu kwamba nifike Korogwe mjini kwa usaili, akaja mwenyewe hadi kwenye jiko langu la mahindi.

"Kuanzia leo baada ya alasiri unakuja dukani, tunafanya mazoezi."

Basi nikawa nakwenda. Mama yake, Bi Faudhia, alikuwa anatandika mkeka pale mlangoni na ungo wake wa kunde. Alikuwepo kwa sababu mwanamke na mwanamume wasio ndugu hawakai chumbani peke yao, hata kama wanazungumza mbolea. Anachambua kunde, anasikiliza, na akiona kuna la kusema, analisema.

Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nakiri hilo bila haya, maana kosa si langu, ni la malezi mazuri. Kibwana anauliza, "Wewe una uwezo gani?" Mimi natazama sakafu. Nikisema, nasema "sisi": sisi tulifundishwa, sisi tulilima shamba la mfano, watu wanasema tulifanya vizuri. Mimi mwenyewe sionekani popote. Akiuliza udhaifu wangu, hapo sasa ulimi unafunguka. Udhaifu nilikuwa nao tele na wote nilikuwa tayari kuutaja, mpaka hasira zangu, mpaka usingizi wa asubuhi.

"Inatosha!" Kibwana anapiga meza. "Unataka wakuajiri au wakuombee dua?"

"Sasa nijisifu?"

"Ndiyo, ujisifu."

Bi Faudhia akadakia kutoka mlangoni. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwache mtoto wa watu."

"Mama, siku hizi chema nacho kinajitembeza, kisipojitembeza kinaozea Mkata."

Akaniambia nimtazame machoni. Hili nalo lilikuwa tabu. Mtu aliyenizidi umri nimtazame usoni nikiwa nasema habari zangu? Nilijaribu kwa kiti kwanza. Halafu akaketi yeye kwenye kile kiti, akasema, "Nitazame mimi." Nikamtazama. Macho yake yana wekundu kidogo kwa ajili ya kompyuta, na nyusi moja ina kovu. Nilimtazama mpaka yeye mwenyewe akageukia mashine kuangalia kama kuna karatasi.

Nilimtaka Kibwana. Nalisema hivi hivi, bila kulizungusha, maana mwaka mzima nilikuwa nalizungusha moyoni mpaka likanichosha. Nilimtaka anaposoma kwa sauti barua za wazee wasioona vizuri. Nilimtaka anapomgombeza mtu aliyeleta picha yenye mwanga mbaya. Nikiwa kwenye jiko la mahindi nilikuwa najua bila kugeuka kama duka lake liko wazi au limefungwa. Ana miaka kumi kunizidi, aliwahi kuoa, wakaachana kwa wema, mwanamke akarudi kwao Kilindi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililonisumbua. Lililonisumbua ni jingine, nalo Mkata nzima inalijua.

Kibwana ni mshenga. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, pamoja na kofia ya kazi, ile ya darizi. Ukitaka kuoa Mkata na unapenda ukubaliwe, unamtuma Kibwana. Na miaka miwili nyuma alikuja kwetu na ile kofia kichwani, akaketi kwenye mkeka wa baba yangu, akaniposa kwa niaba ya kijana aitwaye Hiza. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nasikia. Alisema maneno ambayo Hiza mwenyewe, maskini, asingeweza kuyasema hata angepewa mwaka. Baba alicheka, mama alilia, posa ikapokelewa. Nadhani mimi niliyakubali yale maneno zaidi kuliko nilivyomkubali Hiza.

Hiza akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akayapata, na ndani ya maisha akapata na mke. Alimtumia Kibwana ujumbe wa simu. Mshenga ndiye aliyeleta neno, mshenga ndiye anayelirudisha. Kibwana akaja tena kwenye mkeka ule ule, akamwomba baba radhi kana kwamba ni yeye aliyeoa. Baba akamwambia, mjumbe hauawi, mwanangu. Ndiyo, mjumbe hauawi. Lakini mjumbe naye haoi. Kwetu mshenga akimchukua mwanamke aliyetumwa kumposea mwingine, watu watasema ile posa aliivunja mwenyewe ili aile. Hakuna atakayemtuma tena. Na baba wa binti, kila akipita sokoni, ataulizwa kwa kicheko kama alilipwa mara mbili. Watu wa Mkata wanaweza kusahau ukame, hilo hawalisahau.

Kwa hiyo Kibwana akawa ananitafutia kazi. Wengine wakikukosea wanakuletea mbuzi. Yeye aliniletea Bungu.

Siku moja katikati ya mazoezi alikata tamaa. Nilikuwa nimesema "sisi" tena. Akavua miwani, akasugua macho.

"Yusra, tatizo lako unataka mtu mwingine akusemee. Kwa mwajiri hakuna mshenga. Ni wewe na mdomo wako."

"Basi nionyeshe," nikamwambia. "Jifanye wewe ndiye mshenga wangu kwa hao watu wa Korogwe. Nikisikia jinsi ya kusemwa, nitajua jinsi ya kujisema."

Nililisema kwa utani. Ama nusu ya utani.

Alifikiri kidogo. Kisha akaichukua ile kofia kwenye msumari nyuma ya mlango, akaivaa, akaketi chini, mbele ya vile viti viwili, miguu ameikunja kama anavyoketi kwa wazazi wa mabinti.

"Wazee wangu," akaviambia viti, "nimekuja kumsema Yusra binti Sabiri. Sikuja na maneno ya kuazima, ninayoyasema nimeyaona. Mwaka ule viwavijeshi walipoingia Mkata, mabwana shamba wenye pikipiki walikuwa hawajafika. Huyu alikwenda kwa miguu, shamba kwa shamba, akawafundisha akina mama kutia majivu kwenye moyo wa muhindi, asubuhi na jioni. Hakutumwa na mtu. Aliporudi kanga yake ilikuwa nyeupe kwa majivu, na watu wakala ugali mwaka ule. Wazee wangu, huyu akikwambia jambo haliwezekani, usihangaike, haliwezekani. Akikwambia linawezekana, amka mapema. Ana hasira, sifichi. Lakini hasira zake zinawapiga wavivu na waongo, wengine wote tuna amani. Amepata la kumvunja, sisemi ni lipi, mnaojua mnajua. Kesho yake saa kumi na mbili alikuwa barabarani anawasha mkaa, kichwa kiko juu. Mimi niliona. Nilikuwa nafungua duka nikasimama na kufuli mkononi, nikashindwa kufungua. Atakayempata huyu, kila asubuhi..."

Akaigusa kofia kichwani.

Kunde zilikuwa zimeacha kusikika kwenye ungo. Bi Faudhia alikuwa amemkazia macho mwanawe.

"Kibwana," akasema polepole, "hayo nayo ni ya Korogwe?"

Akavua kofia. "Ni mfano tu, mama."

Mimi nikajifanya nakung'uta vumbi kwenye baibui. Kibwana akainuka, akairudisha kofia msumarini, akanipa mgongo.

"Sasa yageuze," akasema. "Yote niliyosema, yageuze yawe 'mimi'."

Nikayageuza. Mimi nilikwenda kwa miguu. Mimi niliwafundisha. Mara ya kwanza sauti ilikwama, mara ya pili ikatoka, na mara ya tatu nikajiona kweli kwenye yale mashamba, na majivu yangu, na nikaona hakika nilikuwa mtu. Ile sehemu ya mwisho, ya kufuli na asubuhi, niliiacha. Haikuwa yangu kuigeuza.

Tangu siku ile mazoezi yalikwenda vizuri na mimi nikawa nalala vibaya. Nilikuwa na jambo moja tu la kungoja: alimalize lile neno lake kabla sijaenda Korogwe. Nikipata kazi nitapanda Bungu, na aliye Bungu anasahaulika Mkata. Nikikosa, nitabaki na mahindi yangu ng'ambo ya barabara, tutazamane na Kibwana mpaka tuzeeke. Kuna nyakati niliomba nikose. Mungu anisamehe, nilikuwa najifunza maswali huku nikiomba niyasahau.

Rafiki yangu Upendo, aliyewahi kuajiriwa na ushirika ule ule wa Bungu kabla ya kwenda kuolewa Tanga, alinipigia simu kunitakia heri.

"Jiandae na swali la mwisho," akasema. "Wamechoka kuajiri mabinti wanaokaa miezi michache halafu wanashuka kufuata wanaume, mimi nikiwemo. Watakuuliza kama kuna mtu huku chini atakayekurudisha. Mwenyekiti wao anaanzia hapo kukupenda au kukuchukia."

Kesho yake nikamwambia Kibwana. Alikuwa anafungua ile mashine kubadilisha wino.

"Kaka Kibwana, kuna swali hatujalifanya." Nikamweleza.

Hakuinua kichwa. "Hilo halina mazoezi."

"Mbona mengine yote yana mazoezi?"

"Hilo jibu lake litakuja lenyewe."

"Niulize, nione kama litakuja."

Mikono yake ilikuwa myeusi kwa wino hadi viganjani. Bi Faudhia mlangoni akakohoa, nikajua anamsihi mwanawe, ila sikujua anamsihi aseme au anyamaze. Kibwana akafunga mashine, akasema tumalize mapema leo, nikapumzike. Mwanamume aliyeniuliza kuhusu udongo, mbegu, magonjwa ya kabichi, na ningefanya nini mkulima mlevi akinitukana, alishindwa kuniuliza swali moja.

Siku ya usaili alipanda basi lile lile, akisema anafuata vifaa vya duka Korogwe. Alikaa kiti cha nyuma yangu. Kutoka Mkata hadi Segera hatukuzungumza, na kutoka Segera hadi Korogwe aliniuliza tu kama nimechukua vyeti. Nje ya ofisi ya ule ushirika kuna mgahawa, akasema atanisubiri hapo.

Ndani walikuwa wawili, kama vile viti vyetu. Mama mmoja mtu mzima wa Kisambaa, mwenye sweta ingawa Korogwe kulikuwa na joto la kuivisha ndizi, akajitambulisha ni Mama Asnath, mwenyekiti. Pembeni yake Bwana Petro, katibu. Niliwaamkia shikamoo kila mmoja kwa zamu yake. Hilo Kibwana hakuweza kulitoa kwangu na mimi sikutaka litoke. Kisha nikaketi, nikawatazama machoni, nikasema mimi ni nani. Sikumtaja bibi mzaa mama. Nilisema mimi nilikwenda kwa miguu. Bwana Petro aliacha kuchezea kalamu. Niliulizwa kuhusu udongo wa miteremko, nikajibu. Niliulizwa kama ninaweza baridi, nikasema baridi siijui ila sijawahi kushindwa na kitu kwa sababu ya kutokijua.

Mama Asnath akajiegemeza. "Mwanangu, sasa nikuulize kama mama. Bungu ni juu, usiku ni ukungu na mbwa. Huko kwenu Mkata yupo mtu atakayekuita ushuke?"

Kibwana alisema jibu lingekuja lenyewe. Na lilikuja.

"Yupo mtu mmoja, mama," nikasema. "Akiniita leo, nitashuka leo. Lakini hajaniita. Ana mdomo na ana muda, na hajaniita. Mimi nimekuja kutafuta kazi. Siwezi kuikataa kwa ajili ya neno ambalo halijasemwa. Nitakaa Bungu."

Bwana Petro akatazama dirishani. Mama Asnath hakucheka, akasema, "Nenda nje kidogo." Nilisimama kwenye korido nikisoma tangazo la chanjo ya kuku bila kuelewa hata neno. Waliponiita tena, Mama Asnath alinipa mkono wake, akauacha ndani ya wangu. Nitaanza mwanzo wa mwezi. Akaniambia nitafute sweta nzito, ya pamba haitoshi.

Kibwana aliniona natoka, akasimama. Chai yake ilikuwa mezani haijaguswa, imeota utando juu.

"Nimepata," nikamwambia.

Uso wake ulifurahi. Namshuhudia kwa haki, ulifurahi kweli, na nilimpenda kwa furaha ile na pia nikamchukia. Akavuta kiti niketi. Sikuketi.

"Waliuliza lile swali," nikasema.

"Ukajibuje?"

Nilijua mwanamke wa kwetu halisemi jambo kama lile. Lakini ni yeye aliyenifundisha mwezi mzima kwamba mtu asingoje kusemewa. Nikamtazama machoni, yale mekundu kwa kompyuta, nikamwambia jibu langu lote, neno kwa neno, sikulipunguza. Akiniita leo, nitashuka leo. Nilipomaliza nikaongeza jina lake: "Kibwana." Jina tupu. Maisha yangu yote sikuwahi kulitamka bila kaka mbele yake.

Mwenye mgahawa alikuwa anakaanga chapati, mafuta yanalia. Kibwana alifungua mdomo. Niliuona ule mdomo uliowapa wake wanaume wa Mkata, ulionifanya mimi nimkubali Hiza, niliuona umekwisha kufunguka na neno liko pale, ningeweza kulishika. Nadhani alimwona baba yangu akipita sokoni. Nadhani aliona mkeka. Sijui aliona nini. Alitazama chini, kwenye chai yake, na alipoinua uso ulikuwa uso mwingine, wa heshima.

"Umejibu vizuri," akasema, "dada Yusra."

Tangu nizaliwe aliniita Yusra tu.

Nikamwambia asante. Akalipia chai ambayo hakuinywa, akabeba bahasha yangu ya vyeti, na tukavuka barabara kwenda stendi, yeye akitembea upande wa magari, kama kaka anavyomvusha dada yake.